Deni, Mshahara na Foleni: Je, Shahada ya Hisabati Inalipa?

Neno kulipa, tulilopewa kulijadili leo, lina sura mbili katika lugha yetu. Tunasema mkopo unalipwa, na tunasema kazi inalipa. Mzazi anayeuliza kama shahada ya hisabati inalipa huwa na sura zote mbili kichwani: mtoto wake atadaiwa kiasi gani, na atapata kiasi gani. Huchukua namba ya kwanza, huchukua namba ya pili, huziweka pamoja kwenye mizani, kisha hutoa hukumu. Leo nitajaribu kuonyesha kwamba mizani hiyo, hapa Tanzania, haijakamilika. Kuna namba ya tatu ambayo watu hawaiandiki kwenye karatasi, nayo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Hiyo ni idadi ya miezi kati ya siku ya mahafali na siku ya mshahara wa kwanza. Kwa jina la mtaani ni foleni.

Tuanze na deni, kwa kuwa ndilo linalotisha zaidi ingawa ndilo lililo rahisi kulikokotoa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ikarithi pia madai ya mikopo iliyotolewa tangu Julai 1994. Mwanafunzi anayepata mkopo kamili hupewa fedha za chakula na malazi, lile bumu linalojulikana kila bweni, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, pamoja na ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Ukijumlisha vipengele hivyo kwa shahada ya miaka mitatu katika chuo cha umma, si ajabu kufika jirani na milioni 12. Nitaitumia namba hiyo kama kipimo cha mazungumzo yetu, bila kudai kwamba ni wastani wa taifa. Wako wanaopata pungufu ya hapo, na wapo wachache ambao hawadaiwi hata senti, kwa sababu Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, huwasomesha waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi za kidato cha sita. Kijana hodari wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, anapaswa kuujua mlango huo kabla ya kulihofu deni lenyewe.

Sasa mshahara. Chukueni mwalimu wa shahada aliyeajiriwa serikalini, na tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 800,000 kwa mwezi, namba niliyoichagua kwa urahisi wa hesabu. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Chama cha walimu, kama ni mwanachama, asilimia 2, 16,000. Kodi ya mapato juu ya 760,000 zilizobaki baada ya pensheni ni 68,000. Hadi hapo mkononi zimebaki 652,000. Ndipo Bodi nayo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016, yaani 120,000. Mkononi zinabaki 532,000. Angalieni hapo kitu kimoja ambacho hati ya mshahara haikisemi: ile asilimia 15, kwa kuwa inakatwa kwenye mshahara wa msingi na si kwenye kinachobaki, ni zaidi ya asilimia 18 ya fedha ambazo mwalimu angezishika mkononi. Anayelalamika kwamba anakatwa sana hajakosea hesabu. Ila deni la milioni 12, pamoja na ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inayotozwa mara moja, linamalizika kwa makato hayo katika miezi 101, yaani miaka minane na miezi mitano. Mshahara ukipanda, makato nayo hupanda, na muda unafupika.

Haikuwa hivyo siku zote, na tofauti yake ni somo zuri la hisabati. Kabla ya Julai 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa deni letu la milioni 12, tozo ya mwaka wa kwanza ingekuwa shilingi 720,000. Makato ya mwaka mzima ni 1,440,000. Nusu kamili ya jasho la mwaka ingemezwa na tozo, nusu ndiyo ingegusa deni. Kulimaliza kungechukua karibu miaka 12, na jumla ya malipo ingepita milioni 17. Miaka 12 haikutokea kwa bahati: malipo yanapokuwa mara mbili ya riba ya mwanzo, muda wa kumaliza deni ni sawa na muda ambao deni lisiloguswa lingechukua kujizidisha mara mbili, na kwa asilimia 6 muda huo ni miaka 12. Mhitimu asiyekuwa na kazi alikuwa kwenye upande huo mbaya wa kanuni, akitazama deni likikua wakati yeye amesimama. Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza siku ya Mei Mosi 2021 kwamba tozo hiyo inafutwa, alibadilisha asili ya mkopo wenyewe. Leo mfumuko wa bei ukiwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, shilingi anazolipa mwalimu katika mwaka wa nane zina thamani ndogo kuliko alizolipa mwaka wa kwanza, na malipo yote ya miezi 101 yana thamani ya kama milioni 10.7 tu kwa shilingi za siku anayoanza kulipa. Kwa ufupi, ni mkopo wa bei nafuu kuliko wowote ambao kijana huyo atakuja kuuona maishani, na kama ana shaka aingie benki yoyote aulize.

Kwa hiyo deni tumelipima: lina uzito, lakini halikui. Tukirudi kwenye mshahara, hapo ndipo hisabati inapoanza kuonyesha sura yake ya pekee, tena sura isiyopendeza wenye somo lao. Katika ngazi za mishahara ya walimu wa serikali hakuna nyongeza kwa ajili ya somo. Mwalimu mpya wa hisabati mwenye shahada na mwalimu mpya wa historia mwenye shahada huingia katika daraja moja na kupokea fedha zilezile. Ule msemo kwamba hisabati ina hela, kwa mwajiri aliye mkubwa kuliko wote nchini, si kweli. Kinachotofautiana ni foleni. Mapema mwaka 2025 serikali ilifanya usaili wa kujaza nafasi 14,648 za walimu, na waombaji walikuwa 201,707. Ni karibu watu 14 kwa kila kiti. Katika umati wa namna hiyo, kusogea mbele kwa hatua chache kuna thamani kubwa kuliko nyongeza ya mshahara.

Na mwenye hisabati husogea mbele. Ajira serikalini ziliposimamishwa mwaka 2016 kwa ajili ya uhakiki wa watumishi, walimu waliokuwa wamehitimu walibaki nje wote kwa pamoja, wa sanaa kwa wa sayansi. Mlango ulipofunguliwa Aprili 2017, kundi la kwanza kuitwa lilikuwa la walimu 3,081 wa sayansi na hisabati. Wa masomo mengine waliendelea kusubiri mkeka wao, yaani orodha ya majina ya walioajiriwa. Sababu haikuwa upendeleo. Iko kwenye matokeo ya mtihani wa kidato cha nne: mwaka 2022, kati ya kila watahiniwa 100 wa Hisabati, waliofaulu walikuwa 20 hivi, na mwaka 2023 walikuwa 25 hivi. Shule ambayo watoto wake wanne kati ya watano wanaanguka somo moja inahitaji mwalimu wa somo hilo kabla ya mwingine yeyote, na mara nyingi mwalimu huyo hayupo kwa sababu hao walioanguka ndio ambao wangesomea kazi hiyo. Upungufu unajizalisha wenyewe. Ni msiba kwa taifa, ila kwa mhitimu mmoja mmoja ndiyo nafuu yake katika foleni. Naiweka hoja yangu wazi basi: hapa kwetu hisabati hailipwi zaidi, inalipwa mapema.

Mapema ina thamani gani? Tuweke namba. Wahitimu wawili wana deni sawa na watapata mshahara sawa. Mmoja anaajiriwa mwaka mmoja baada ya mahafali, mwingine baada ya miaka minne. Katika miaka hiyo mitatu ya tofauti, yule anayesubiri hakai bure. Anafundisha twisheni, anauza vocha, anasaidia duka la shangazi, na tuseme anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenzake anashika 652,000 kabla ya makato ya Bodi, ambayo wote wawili watayalipa kwa wakati wao. Tofauti ni 352,000 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ni shilingi 12,672,000. Deni lote la chuo, pamoja na ada ya uendeshaji, lilikuwa 12,120,000. Miaka mitatu ya kusubiri imegharimu zaidi kuliko miaka mitatu ya kusoma. Hata hivyo gharama hiyo haina hati wala barua ya kukumbusha kulipa, na jina la mdaiwa wake halitatangazwa gazetini, ndiyo maana wazazi wanaojua deni la mtoto wao hadi senti ya mwisho hawajawahi kuikokotoa hii nyingine.

Mtu atasema namba zangu ni za kubuni, na ukibadilisha ile 300,000 hoja inaanguka. Tubadilishe. Tuseme anayesubiri ni mjanja wa twisheni, yuko mjini, anapata 450,000 kila mwezi bila kukosa, jambo ambalo wenye twisheni walioko hapa watalicheka. Kusubiri miaka mitatu bado kunamgharimu shilingi 7,272,000, ambazo ni asilimia 60 ya deni lake. Tukishusha kipato kuwa 200,000, gharama inapanda hadi zaidi ya milioni 16. Namba zinacheza, mwelekeo haubadiliki. Na kwa namba zilezile za awali tunaweza kumjibu yule anayesema bora kijana angeacha chuo akaanza kazi baada ya kidato cha sita. Miaka mitatu ya kipato cha 300,000 aliyoiacha ni milioni 10.8. Akiajiriwa mara tu anapohitimu, hata baada ya makato yote anashika 532,000, yaani 232,000 zaidi ya yule aliyebaki mtaani, na anaifidia ile milioni 10.8 katika miezi 47. Kabla ya miaka minne kazini amekwisha kuwa mbele, huku Bodi ikiendelea kulipwa. Shahada inalipa, na inalipa vizuri. Kinachoifanya isilipe ni kukaa nje ya mlango.

Lakini si kila shahada yenye neno hisabati inasogea mbele katika foleni hiyo, na hapa wengi huumia. Aliyesoma shahada ya sayansi na ualimu, hisabati likiwa somo lake la kufundishia, ana sifa ya kuajiriwa kama mwalimu siku anayohitimu. Aliyesoma hisabati tupu, bila ualimu, pengine kwa uwezo mkubwa kuliko wa mwenzake, hana sifa hiyo mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo ni mwaka mwingine na ada nyingine. Nje ya ualimu ni nadra tangazo la kazi kusema anatakiwa mwanahisabati. Benki, kampuni za simu, mashirika ya bima na ofisi za takwimu humtaka mtu anayejua hisabati pamoja na jambo lingine: kuandika programu, kuchambua takwimu, kukadiria hatari za bima. Ndiyo maana takwimu bima, fani ya kukadiria hatari hizo, inayofundishwa leo katika vyuo vyetu kadhaa, imewavuta vijana wengi ambao zamani wangejiandikisha kwenye hisabati tupu. Silidharau somo lenyewe katika utupu wake. Nasema tu kwamba mwenye kulipenda asiingie kipofu. Achukue aljebra na uchanganuzi kwa moyo wote, na pembeni ashike kozi mbili tatu za takwimu au kompyuta, kwa sababu hizo ndizo zitakazoandikwa kwenye wasifu wake mahali ambapo mwajiri anasoma.

Pingamizi la kwanza ni la wale wanaoleta ushahidi wa Uingereza. Ushahidi huo upo na ni mzito: mwaka 2020 watafiti wa Institute for Fiscal Studies ya London, wakitumia kumbukumbu za kodi, walikadiria kwamba mmoja kati ya kila wahitimu watano hivi angekuwa na fedha zaidi maishani kama asingekwenda chuo kikuu, na waliosoma hisabati walikuwa mbali na kundi hilo. Naukubali utafiti, ila siuchukui mzimamzima. Kule hisabati inalipwa zaidi kwa sababu kuna soko kubwa la fedha na teknolojia linaloishindania, na mhitimu akikosa kazi nzuri sheria inambeba: aliyeanza chuo tangu Agosti 2023 halipi chochote mpaka kipato chake kipite pauni 25,000 kwa mwaka, kisha hulipa asilimia 9 ya kilichozidi hapo tu, na baada ya miaka 40 deni linafutwa. Kwetu soko hilo ni dogo na kinga hiyo haipo. Anayesoma gazeti la London kisha akamwambia mtoto wa Kigoma kwamba hisabati ina hela amechukua jibu sahihi la swali jingine.

Pingamizi la pili ni la walimu wangu wa falsafa, kwamba elimu haipimwi kwa shilingi. Ni kweli, na aliyeelewa uthibitisho wa Euclid kwamba namba tasa hazina mwisho amepata kitu ambacho Bodi haiwezi kukidai. Lakini mkopo umetolewa kwa shilingi na utarudishwa kwa shilingi. Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito, na linatoka kwa wanafunzi wenyewe: tukimwambia kila mtu kwamba hisabati ina foleni fupi, wote wataingia hiyo, na haitakuwa fupi tena. Ingekuwa hivyo kama kuingia ni kuchagua tu. Kwa kiwango cha ufaulu tulichokiona, chujio liko kidato cha nne, miaka mingi kabla ya foleni. Na bado sikatai kwamba usaili wa 2025 ulionyesha dalili mpya. Walimu wa hisabati na fizikia nao waliketi kwenye viti vya usaili, jambo ambalo mwenzao wa 2017 hakulijua. Mhitimu wa leo asidhani kwamba foleni ya kaka yake ndiyo yake.

Sasa niseme la lawama. Mwalimu wa mfano wetu, mwenye 800,000, anakatwa asilimia 15. Mwenzake aliye kwenye foleni, miezi 24 ya neema baada ya kuhitimu ikiisha, anahesabiwa kuwa aliyejiajiri, na anatakiwa kurejesha si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa kipato chetu cha 300,000, hiyo ni theluthi. Mwenye kazi atoe chini ya moja ya sita, asiye na kazi rasmi atoe theluthi! Matokeo yanajulikana: hatoi kabisa, anajificha, na Bodi inapoteza hata ile 30,000 ambayo angeitoa kwa hiari kupitia simu yake. Watetezi wa kiwango hicho husema fedha hizo ndizo zinazomsomesha mdogo wake, na kwamba baada ya tozo ya asilimia 6 kufutwa mfuko hauwezi kulegeza tena. Hoja ya mfuko ni halali. Lakini kiwango kisicholipika hakijazi mfuko, na asilimia 10 ya kipato halisi, bila ule ukomo wa chini, ingeleta fedha nyingi kuliko 100,000 zinazobaki kwenye makaratasi.

La mwisho ni ombi, na ni dogo. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa mwongozo wa udahili. Ndani yake kijana anakuta jina la programu, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Bodi ya Mikopo, kwa kazi yake ya kila mwezi, inajua ni lini makato ya kwanza ya kila mnufaika yalianza na katika mshahara upi. Taarifa hizo mbili ziko ndani ya Wizara moja. Zikikutanishwa, mwongozo utaongezewa safu moja tu: kwa kila programu, miezi mingapi nusu ya wahitimu wake walisubiri kabla ya makato ya kwanza. Hakuna jina la mtu litakalotajwa, hakuna utafiti mpya wa kugharimia. Naiomba Tume iichapishe safu hiyo katika mwongozo ujao, ianze na programu zenye neno hisabati.